Mwisho Nilioutunga kwa Kitabu cha Shangazi

Shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kusema. Wenzangu waliofika mpaka chuo ndio leo wanaonipigia simu niwatafutie watoto wao kazi. Nilianza na gari la maji la mtu, nikipeleka maji majumbani hapa Ibra, Oman. Leo nina matipa kumi na moja, kreni mbili, na kambi ya watalii kwenye mchanga wa Bidiya, mahema ishirini, kila hema na choo chake na kiyoyozi chake. Hakuna aliyenishika mkono. Kiingereza changu ni cha bei na cha spea, na kimenitosha kula na kulisha watu. Kukisoma ndiko sikukujua, na hapo ndipo nilipoharibu.

Aliyenilea ni shangazi, dada yake baba. Alikuja Oman kutoka Unguja akiwa mtu mzima, mwalimu wa skuli ya wasichana. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kitabu cha hadithi alichopewa na mwalimu mwenzake, bibi mmoja wa Kiairishi. Hadithi zote za wakulima maskini wa huko kwao. Kila alasiri akisha kuswali, shangazi akikaa mbele ya nyumba yake ya udongo, pale mfereji wa falaji unapopita, akitusomea sisi watoto. Macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili. Wanawake waliokuja kuosha vyombo mferejini wakikawia makusudi, sufuria moja wanaisugua mara tatu.

Wale watu nikawajua kuliko majirani. Wanakula mbatata asubuhi na jioni, na mwaka zikioza, wanakufa. Kuni zao ni udongo mweusi wa kwenye majimaji, wanaukata vipande kama matofali, wanauanika, na moshi wake unaingia mpaka ndani ya maziwa. Mwenye ardhi hakai huko, hutuma watu wake. Asiyelipa kodi huvunjiwa paa, na mvua inanyesha. Na kila nyumba ina mbuzi wake, analala ndani pamoja na watoto, na akinenepa anauzwa ili kodi ilipwe. Yule mbuzi nilimpenda sana.

"Hawa ni sisi," shangazi akisema, "kasoro mvua."

Hadithi ya mwisho hakupata kutumalizia. Ilikuwa ya bikizee mmoja ambaye mwanawe amerudi kutoka Amerika na fedha, anataka kumtoa kwenye kibanda chake ampeleke mjini. Akifika pale mwana anaposimama mlangoni, shangazi akifunga kitabu. "Mwisho mtausoma wenyewe mkikua."

Nikakua. Nikajenga nyumba nje ya mji, marmar mpaka kwenye ngazi, na wanaopita njiani hupunguza mwendo waitazame. Shangazi akabaki kule kwenye udongo, peke yake, majirani wengi wameshahama, macho yameshaingia mtoto wa jicho. Watu wakaanza kunisema. Mtu ana kasri, na aliyemlea anakaa gizani! Nikenda kila Ijumaa kumwomba ahame, kila Ijumaa akakataa. Siku moja nilikwenda na mke wangu, tukakuta kitabu kipo mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa. Leo nisomee ile ya mwisho. Miye siioni tena. Ukishaisoma, lile utakalolitaka nitalifuata."

Alikuwa akinisikia nikizungumza na wageni kwenye simu, akadhani mwenye kusema husoma. Mke wangu alikuwa anamimina kahawa. Ningesemaje mbele yake? Nikafungua kitabu, nikatia kidole kwenye mstari, nikaanza kutunga.

"Yule bikizee akamtazama mwanawe, akaziona nguo zake nzuri, akasema, mwanangu, hongera, umefika. Akamfungua mbuzi, akawapa majirani. Akapanda gari, hata nyuma hakugeuka. Akaishi mjini kwa raha mpaka..."

"Ngoja. Akamfungua nani?"

"Mbuzi."

Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Masikini wee! Kitabu hicho hakina mbuzi hata mmoja. Ni nguruwe, mwanangu! Mwanzo mpaka mwisho ni nguruwe. Miye ndiye niliyemgeuza mbuzi, nisikuingizieni nguruwe nyumbani."

Mke wangu akainamia kikombe chake, mabega yanamtikisika.

Hapo ningecheka na mimi. Ningesema, shangazi, sijui kukisoma, nielezee wewe. Maneno hayo mafupi tu, na angebaki kwake. Lakini nilikuwa nimeshazoea watu kuniinukia ninapoingia.

"Unanicheka mimi?" nikasema. "Mimi? Hao waliosoma vitabu wana nini? Nionyeshe hata mmoja wao aliyejenga kama nilivyojenga!"

Kicheko kikakatika. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Basi, ya waladi, mwanangu, sikukusudia. Umesema anahama. Haya, anahama. Nifungieni nguo zangu."

Nilimpa chumba cha chini, baridi kama barafu, na mtumishi wake peke yake. Akikaa kitandani akiuliza, "Nani kapita?" Hakupita mtu. Geti letu hufunguka kwa rimoti, na mtaa ule watu hupita ndani ya magari. Akisikia mlango, alitengeneza ushungi wake. Kumbe ni mimi tu.

Binti yangu alipokuja likizo kutoka Maskati, akamsomea. Kiswahili chake cha kuungaunga, nusu Kiarabu, lakini Kiingereza anacho. Nikasimama ukumbini, viatu mkononi.

"Yule mwana akakasirika, Bibi, sana sana, wallah. Akatoka nje kwa mvua. Halafu akarudi, akavua kiatu yake mzuri, akakaa karibu ya moto. Asubuhi akachukua jembe, akaenda na mama yake kukata udongo. Khalas."

"Na mama?"

"Mama alibaki kwake."

"Soma tena hapo alipovua viatu," shangazi akasema.

Asubuhi yake akaniita. "Nirudishe kwangu, mwanangu. Hata siku mbili tu."

Moyo ulitaka kusema ndiyo, Mungu ni shahidi. Lakini nyumba haikuwapo tena. Mwezi mmoja tu baada ya kumhamisha, niliwapeleka mafundi wangu kule. Wageni wa Ulaya wanapenda vitu vya zamani. Boriti za darini na mlango wake wa nakshi nikavipeleka Bidiya, nikajengea ukumbi wa chakula wa kambi. Kuta zilizobaki bila paa, mvua moja tu ilitosha. Paa nililivunja mimi, na hakuna mwenye ardhi aliyenituma.

"Inshallah," nikasema. "Baada ya Idi, jua likipoa."

"Mlango umeufunga vizuri? Maana kitasa chake kina ukaidi, lazima uusukume na goti."

"Nimeufunga, shangazi. Ufunguo ninao."

Akaitikia kwa kichwa, uso umemkunjuka. "Ahsante, mwanangu."

Safari hii hakuukamata uongo wangu. Aliniamini, na siku sita kabla ya Idi akafa, bado ananiamini.