Steringi Niliyemfufua Nanyamba

Mwaka 2003 nilikuwa natafsiri video kwenye maikrofoni, katika kibanda cha kuonyeshea sinema Nanyamba, kwa Kiingereza cha kubahatisha. Siku hiyo tuliweka mchezo wa zamani wa runinga, wa mashine na sayari za mbali, uliotengenezwa upya. Kisa cha kwanza kikaisha steringi, yule mhusika mkuu, kafa! Tangu lini steringi akafa? Watu wakaanza kunyanyuka.

Kisa cha pili akatokea mwanamke. Nikapaza sauti, “Ndiye yuleyule, mashine imembadili sura!” Wakakaa. Cha tatu akatokea mtoto. “Sasa imemrudisha utotoni!” Wakapiga makofi.

Ndipo mwalimu mmoja mgeni akaja kuninong'oneza, asijue maikrofoni iko wazi: “Kaka, kila kisa kina watu wake.”

Kibanda kizima kikasikia. Mama mmoja wa mstari wa mbele akanigeukia.

“Kwa hiyo, mwanangu, steringi wetu alikufa kweli?”