Printa Isiyouliza Jina

Kuna siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mashine ilinifanyia kitu nisichokielewa, na mimi kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Umeniuliza kama ni vema kuwafungulia printa ya ofisi yako watu wasio na akaunti. Kaa, nitakujibu, ila nitazunguka kidogo. Wazee hatujui njia ya mkato.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya huku kwetu. Ofisi yetu ilikuwa Ibanda, hapa Bukavu, tukisaidia watu kutafuta watoto waliopotezana nao wakikimbia. Seva ya Linux, kompyuta iliyotunza faili zetu na kuongoza printa, niliiweka mwenyewe. Watu walikuja na kompyuta za kila namna: Windows ya zamani, Windows mpya, hata Macintosh ya padri mmoja mcheshi. Mkuu wetu, Papa Balthazar, alitaka jambo moja: anayekuja kuchapa tangazo la mtoto asiulizwe jina wala neno la siri.

"Batu banaulizwa jina ku kila bariere ya basoda mu njia," alisema. "Hapa wacha bapumuzike."

Basi nikaifungua printa kwa wageni. Faili zenye anwani za familia nikaziacha zimefungwa.

Akaja mama mmoja kutoka Kadutu, amebeba kompyuta ndogo ya parokia yake ndani ya kitenge. Humo mlikuwa na tangazo lenye picha ya binti yake, aliyepotelea msitu wa Shabunda. Chini yake maneno machache: anayemwona ampeleke parokiani. Picha ilikuwa nzito, haikuingia kwenye disketi. Ndege ndogo ya Shabunda ilikuwa inaondoka Kavumu mchana uleule, na dereva wa kupeleka matangazo alishawasha gari. Ndege nyingine ingekuja lini, hakuna aliyejua.

Tukaunganisha waya. Seva ikakataa, ikadai neno la siri. Macintosh ya padri ilikuwa imechapa asubuhi bila swali lolote! Dereva akapiga honi. Mama akageuka kulitazama gari. Nikasema basi, naondoa ulinzi wote, kila kitu kiwe wazi.

Papa Balthazar akanishika mkono.

"Juu ya mugeni mumoja unafungua nyumba yote? Na zile adresse za batu? Jiulize kwanza: sababu gani bengine bameingia, na huyu amekataliwa?"

"Papa, gari inaenda!"

"Chauffeur nitamushika mimi. Wewe uliza."

Nikafungua kumbukumbu za seva, nikasoma. Nilicheka peke yangu. Kompyuta ya parokia ilikuwa imejitambulisha kwa jina "secretariat". Bukavu yetu hii, karibu kila ofisi huipa akaunti ya kompyuta yake jina hilo, na kwenye seva yetu pia lilikuwamo. Seva nilikuwa nimeiambia: jina usilolijua, lipokee kama mgeni. Hili ililijua, ni la katibu wetu, kwa hiyo ikataka neno lake la siri. Mgeni kabisa alipita, aliyefanana na mwenyeji akazuiwa. Nilistaajabu mpaka nikasahau honi.

"Maman, tubadilishe jina tu," nikamwambia. Nikatoka kwenye akaunti ile, nikaingia kwa jina "mugeni". Printa ikanguruma. Nywele za binti zikatokea kwanza, kisha macho. Mama alizipokea karatasi moja moja zikiwa bado na joto, na gari likaondoka nazo.

Majuma yakapita. Siku moja mama akarudi, amemshika mkono msichana mwembamba. Msichana akaizunguka printa, akachungulia pale karatasi zinapotokea.

"Ni hii njo ilikuwa inanitafuta?" akauliza.

Nililia mbele yao, sikujificha. Na jina la yule mama silijui mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, fungua printa yako, na ufungue printa peke yake. Asiyejulikana aingie kama mgeni, mwenye jina la nyumba aendelee kutoa neno lake la siri, na siri za watu zikae zimefungwa. Mashine ikikugomea, usikimbilie kubomoa. Iulize kwa nini, hata kama honi inalia nje, na ukipata jibu ruhusa kulifurahia kidogo.

Mungu akupe mikono mitulivu na maswali mengi, na kila atakayekuja kwako akitafuta mtu wake, arudi siku nyingine amemshika mkono.