Rangi ya Tumbo la Mashua

Jana fundi alikuja kupaka lango langu rangi. Alipofungua mkebe, harufu ya tapentaini ikanijaa puani, nikajikuta nacheka peke yangu. Alinitazama akaona mama huyu kazi anayo. Yeye sikumweleza, ninyi nitawaeleza.

Tulikuwa tukiishi Garissa, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa mpakani wa miaka ya sitini. Baba alikuwa karani wa idara ya maji, kazi ambayo wajomba zangu waliicheka hadi machozi: mtu atoke kando ya ziwa Nyanza apelekwe kulinda maji ya jangwani! Barabara zilikuwa na mabomu, magari yakienda kwa msafara wenye askari, na likizo ya kwenda nyumbani ilikuwa imefutwa. Baba alilitamani ziwa kama mjamzito anavyotamani udongo. Mwishowe akaamua kuunda mashua ya tanga, aitie kwenye Mto Tana.

Aliiunda nyuma ya nyumba yetu ya serikali, tanga akalishona kwa turubai kuukuu. Kikabaki kitu kimoja tu: rangi ya tumbo la mashua, ile sehemu inayokaa majini. Mimi kifungua mimba wake niliahidiwa kukaa mbele kabisa siku ya kwanza, na sikuwa na ndoto nyingine.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, Baba aliilaza mashua kifudifudi, akapaka kipande, kisha akamwita Mama.

"Mama Akinyi, njoo uone. Hii je?"

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akaizunguka mashua polepole kama anayenunua ng'ombe. Alianza kwa kuikataa lami. Alisema jua la Garissa litaiyeyusha, na kweli, kufikia adhuhuri kuku wetu mmoja alikuwa amenasa miguu yote miwili. Ikafuata rangi nyekundu ya meli, iliyoletwa na mfanyabiashara kutoka Mombasa. Baba alieleza kwa fahari kwamba ina sumu ya kuua chaza wanaoganda kwenye mbao.

"Tana kuna chaza?" Mama akauliza.

"Hakuna."

"Basi sumu hiyo ni ya nani? Maji hayo si ndiyo tunayokunywa?"

Baba akafunga mkebe wake. Nyeusi nayo ilikataliwa kwa sababu askari wa ng'ambo ya mto wangedhani ni kiboko, nyeupe kwa sababu mamba angeiona mapema.

Habo Dahira, mama wa Kisomali aliyetuletea maziwa ya ngamia na ambaye sisi watoto tulimwita habo, yaani mama mdogo, alituonea huruma. "Rangi ya nini, walaalo, ndugu zangu?" alisema. "Baka mafuta ya mkia ya kondoo. Mimi nabaka fyombo yangu ya maziwa, haifuji hata kidogo."

Baba akayeyusha mafuta, akapaka tumbo zima, na mtaa ukanukia kama siku ya Idd. Hata Mama alikosa la kusema. Lakini wale korongo wakubwa wenye upara wanaokaa majalalani walikuwa na la kusema. Walishuka kundi zima, wakaanza kudonoa mashua yetu, na Baba akawakimbiza kwa kasia akiwa bado na tai ya kanisani. Habo alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka sana. Nilimkasirikia Mama. Niliona anamtesa mtu kwa ubishi, na ananinyima safari yangu. Haba na haba hujaza kibaba, nami kibaba changu kilijaa hasira. Mwisho Baba akahamishwa, na mashua ikabaki kwa Habo, mbuzi wake wakainywea maji. Chombo kilichoundwa kuzuia maji yasiingie kikaishia kuyazuia yasitoke.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshatutoka, nilimuuliza Mama alikuwa anataka rangi gani hasa.

"Rangi?" akasema. "Ng'ambo ya ule mto watu walikuwa wanauana. Lakini ningemwambiaje asiiunde? Ni hiyo mashua tu iliyomfanya aamke akiimba."

"Kwa hiyo ulikuwa unamdanganya Baba."

Mama akanitazama kama anavyonitazama nikiunguza ugali.

"Nimdanganye yeye? Baba yako alizaliwa kwa waunda mashua. Mimi ni binti wa milimani, hata kuogelea sijui. Sasa wewe fikiri, mtu kama yule ana haja gani ya kuniuliza mimi rangi?"

Utoto mzima niliamini mmoja wao alitaka kwenda na mwingine alikuwa akimzuia. Kumbe Baba alikuwa akija mlangoni pa jikoni kila Jumapili kuomba akataliwe, na Mama, kwa upendo ambao hadi leo unanitoa machozi, hakuwahi kumwangusha.