Krimu, baridi au taa: tulivyotibu saratani ya ngozi ya dada yangu bila kisu, Koboko

Wakuu, salaam kutoka Arua. Haya nimeyaona kwa macho yangu na siongezi chumvi. Nimechoka mno hata kuiongeza.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi umeme mwenye diploma. Nilikwenda Juba na begi moja, nikarudi na gari. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe, waya zote nimevuta mwenyewe, na hadi leo hakuna swichi iliyowahi kuzingua. Sibahatishi mambo.

Dada yangu Zamzam anauza samaki wakavu sokoni Koboko. Ana ualbino. Meza yake ilikuwa juani, haina paa.

Mwaka jana akatokwa na doa jekundu pembeni mwa jicho. Lina magamba, haliumi, haliponi. Zahanati wakampa dawa ya fangasi, miezi ikapita bure.

Nikamleta hospitali Arua. Wakachukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwe Kampala. Jibu likaja: saratani, lakini ya juu juu, haijazama.

Daktari akasema kukata ndiyo njia ya uhakika zaidi, ila pale kovu lingeweza kuvuta kope. Kwa kuwa iko juu, njia za bila kisu zipo. Akaonya kwamba ikizama ni kisu tu, na jicho lenyewe litakuwa hatarini.

Nikamhoji kama ninavyomhoji mteja kabla ya kusaini kazi.

Kugandisha kwa baridi kali ni dakika chache tu, unarudi nyumbani. Linatoka lengelenge, kisha gaga, na huenda ikabaki alama nyeupe. Zamzam alicheka: "Nyeupe kuliko mimi?" Lakini daktari hakutaka kupuliza baridi ile karibu na jicho.

Taa: unapakwa dawa, unasubiri saa kadhaa, kisha unamulikwa na taa maalumu. Kovu huwa dogo. Mimi mtu wa umeme nikafurahi! Nilipiga simu kila mahali, hadi Kampala. Sikuipata.

Ikabaki krimu. Kuna ya kuua seli mbaya, na kuna ya kuamsha kinga ya mwili ili izishambulie. Unapaka nyumbani kwa wiki kadhaa, mbali na jua. Ubaya wake ni kwamba kabla ya kupona ngozi inachubuka, inawaka, inatoa maji. Ukiitazama unaona ugonjwa umezidi.

Tukapewa ile ya kwanza, wiki sita, naye akaacha meza, akakaa ndani. Kila Ijumaa naendesha Arua–Koboko kumtazama. Barabara ile naijua kila shimo.

Zamzam alikataa watu waambiwe. "Nikisema saratani, nani atanunua samaki wangu?"

Sasa sikilizeni. Sisi Wanubi, binti akikaa ndani, jua halimgusi, uso kaufunika kwa gurbaba, ile shuka ya wanawake wetu, watu wanaelewa jambo moja tu: bibi harusi anaandaliwa.

Wiki ya tatu, nipo pale, akaingia Shangazi Hawa, dada wa baba yetu, na wanawake wenzake. Amebeba bakuli la dilka, ule unga wa manukato wanaomsugulia bibi harusi mpaka ngozi ing'ae.

"Ya Zamzam! Bwana iko wapi? Munaficha sisi?"

"Huyu kaka na diploma yake anataka kula mahari peke yake," mwingine akasema. Wakacheka.

Shangazi alikuwa ameshachota dilka mkononi. Zamzam akafunua uso mwenyewe.

Shangazi akamsogelea.

"Nani nachoma wewe hivi?"

"Hakuna bwana, Shangazi. Ni saratani. Hii ni dawa yake."

"Hii si dawa, hii moto! Acha leo leo. Mimi nitapaka wewe mafuta ya moyao." Ndiyo mafuta yetu ya shea, ya kienyeji.

Nikaeleza vizuri sana, kitaalamu. Hakuna aliyenisikiliza.

Zamzam akaweka kidole pembeni mwa jicho. "Nikiacha sasa, watakata hapa. Unataka bibi harusi wa jicho moja?"

Shangazi akarudisha dilka kwenye bakuli, akanawa mikono, akauliza krimu inapakwa saa ngapi.

Kuanzia kesho yake binti zake walikaa kwenye meza ya samaki kwa zamu. Wateja wengine walikimbia kweli. Wengi wamerudi.

Doa limekwisha. Lakini bila kisu huwa linarudi kirahisi zaidi, kwa hiyo tunapima kila mara. Na juzi limeonekana jingine, dogo, nyuma ya sikio. Limeshapimwa, ni saratani ile ile. Safari hii daktari anataka kugandisha.

Wakuu, nimechoka. Yeye hajachoka. Nimempigia paa la bati juu ya meza, bora kuliko yote sokoni, na kofia pana anavaa.

Nilichojifunza: doa lisilopona lipimwe kabla ya kupakwa chochote. Na mkichagua krimu, waambieni watu wa nyumbani mapema kwamba uso utaharibika kwanza. Siri ilitaka kutuponza kuliko saratani.

Dilka bado iko kwenye mkebe kwa Shangazi. Anasema haiozi, inasubiri.

Aliyegandishwa nyuma ya sikio, kidonda kilichukua muda gani kukauka? Semeni ukweli, Zamzam anasoma hapa.