Utepe wa Kupimia Ndama

"Kwa boma yangu hakuna kitu hudumaa," Dedan alitangaza kwenye siku ya wakulima Mweiga, kipaza sauti mkononi, mtamba wake aliyeoshwa kama bi harusi akiwa kando. Watu wakapiga makofi. Mkewe Warigia hakupiga. Alikuwa ameketi na binti yao Kagure, wa gredi ya nane, ambaye mgeni mmoja alikuwa ametoka kumuuliza kama ameshaanza shule.

Dedan ni mtu wa vipimo, mradi kinachopimwa kiwe na kwato. Kila Jumamosi humzungushia ndama utepe kifuani, akasoma kilo zilizoandikwa kwenye utepe, akaongeza maziwa. Kagure alipimwa mara ya mwisho siku ya sindano ya surua, akiwa mtoto wa mgongoni.

"Huyo alimaliza kliniki," Dedan husema, kama aliyelipa karo ya chuo kikuu.

Warigia alipomwambia mumewe kwamba wenzake Kagure wamempita kwa kichwa kizima, alijibu, "Ni mwili ya kwenu, Mama Kagure. Nyinyi ni watu wafupi." Huyo ni mwanamume anayeinua kidevu ili amtazame mkewe machoni.

Aliposumbuliwa zaidi, alimsimamisha mtoto uani, akamzungushia utepe uleule.

"Ako sawa na ndama ya miezi miwili. Sasa shida iko wapi?"

 Asubuhi Warigia alimpeleka Kagure kliniki mjini Nyeri. Dedan akafuata, ati asimamie mambo.

Daktari alimpima urefu na uzito, akatoa damu, akauliza kama nyumbani wanakunywa maziwa. Dedan akajinyoosha. "Sisi ndio tunajazia Tabby duka lake la maziwa kila siku."

"Nimeuliza mtoto."

"Mimi nakunywa chai ya strungi," Kagure akasema. "Maziwa ni ya Tabby na ndama."

Daktari akawaambia Kagure bado ana muda wa kurefuka, ila muda huo si mwingi, na yaliyompita utotoni hayatarudi yote. Apewe maziwa na mayai kila siku, na arudi kupimwa. Dedan akauliza kama hakuna sindano ya kumaliza hiyo maneno mara moja.

Jioni Warigia alichota kikombe cha maziwa kwenye ndoo.

"Hiyo ni ya ndama," Dedan akasema.

"Ndama amemaliza kliniki."

Dedan akanunua kufuli ya mtungi wa maziwa. Tangu hapo Warigia huuza mayai matatu, akabakisha la Kagure, akaenda kwa Tabby kununua maziwa ya ng'ombe aliyemkamua mwenyewe alfajiri. Nusu lita ni shilingi thelathini na tano.