Namba Iliyofuata Kitambulisho

Wanawake tuliokuwa tukichemsha mafuta ya nazi hapa Bongwe tulikuwa watano. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, ila siyaandiki. Wawili wametangulia mbele ya haki.

Hoteli moja ya Diani ilipoyataka mafuta yetu, ilisema hainunui kwa mtu asiye na cheti cha biashara. Mwana wa mdogo wangu, msichana aliyesoma, akasema atatuandikisha kwa simu, tumpe vitambulisho tu. Hapo ndipo tulipoharibu. Maneno yalikuwa yameenea kwamba mzee akionekana ana biashara, serikali humkatia ile posho ya wazee. Mimi nikawa wa kwanza kukataa. Nikamwambia ajiandike yeye, sisi tuko nyuma yake. Jina la biashara nililitoa mimi: la marehemu mama, aliyenifundisha kazi.

Cheti kilipokuja tulikitia kwenye fremu tukakitundika jikoni. Namba yake niliihifadhi kichwani kama sura ya Msahafu, nikidhani ni yetu sote.

Mwaka juzi yule msichana alihamia Ukunda, akawa ananunua mafuta kwa watu wa Lunga Lunga. Hoteli ikaacha kutuagiza. Nikamwendea. Aliniamkia shikamoo, akanitilia chai, kisha akasema bila kuinua macho, "Mama mkubwa, namba ile ni yangu. Kaulize popote."

Nikaenda Kwale kuuliza. Karani wa ofisi ya kuandikisha biashara, binti mpole, aliitia namba kwenye kompyuta. Akanieleza kuwa kampuni husimama yenyewe, na wenye hisa huandikwa kila mmoja. Yetu si kampuni, ni jina la biashara tu, na namba yake humfuata aliyetoa kitambulisho. Sisi hatumo. Nikasema basi aniandikishe leo. Nikatoa kitambulisho, nikataja jina la mama.

"Hilo lina mwenyewe, bibi. Taja jingine."

Nikamwambia ni mama yangu mzazi. Akasema ananielewa, lakini kompyuta haikubali. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Nikataja langu mwenyewe, likakubaliwa.

Kule hotelini mnunuzi alikitazama cheti changu kipya, akasema mafuta wana mtu wao tayari. Akalitaja jina la mama. Nilibeba chupa zangu nikatoka kwa mlango wa nyuma, wanakopitia wauza mboga.