Chumvi ya Mama Mkwe Gazetini

Gazeti lililofungiwa dagaa halitoki harufu, hata ulianike juani. Juzi kwenye darasa letu la jioni hapa Masuguru, mwalimu alitugawia vipande vya magazeti, tutaje wahusika ni akina nani, mambo yametokea wapi, na mgogoro ni upi. Changu kilinuka dagaa. Wenzangu wakashika kalamu, mie nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza kama naumwa.

Kwetu Misima, nilipokuwa mdogo, gazeti lilifika hivyohivyo, limefunga dagaa. Mama akishawamwaga kwenye ungo, baba alilinyoosha kwa kiganja, akatusomea tukisubiri bada, ugali wetu wa muhogo, iive. Lakini kusoma kwenyewe kulikuwa kazi, kwa sababu ya bibi, mama yake baba. Bibi hakukubali mtu apite tu kwenye habari kama kuku uani.

"Mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na tano..." baba anaanza.

"Umri wa nini, tunamwoza? Mtoto wa nani huyo?"

Halafu aulize ni wapi, na huko maji yapo? Sisi watu wa Handeni shida ya maji tunaijua. Bibi alikuwa na msemo wake: penye kisima kikavu usimlaumu mgomvi, laumu kisima. Hayo yakishajulikana ndipo aseme, "Haya, wanagombania nini?"

Siku hiyo walikuwa wanagombania chumvi. Mwanamke mmoja, mji siukumbuki, alikuwa ameikimbia nyumba ya mumewe kwa sababu kila akipika, mama mkwe anakuja nyuma yake kuongeza chumvi. Baba akasoma, "Mwenyekiti wa mtaa alipoulizwa nani mwenye makosa, alisema kwamba..." Akageuza karatasi. Hapo ndipo muuza dagaa alipochana.

"Alikuwa anamsaidia mtoto wa watu," bibi akasema.

Mama akaendelea kusonga bada bila kugeuka. "Anayesaidia huuliza kwanza, mama."

Sasa jamani, lazima niwaambie. Jiko letu lilikuwa moja, na bibi alikuwa na mkono wa chumvi. Mama akitoka tu kufuata kuni, bibi anapita pale kwenye chungu. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kusema neno.

"Nyie Wasambaa mboga zenu za wagonjwa," bibi akamchokoza.

"Na nyie Wazigua mnapika kama mnakausha samaki."

Sisi watoto tukacheka, tukidhani ni utani. Mama akaweka mwiko chini. "Baba Mwanaidi, kesho katafute kipande kilichobaki. Mwenyekiti akimpa haki mama mkwe, mie narudi kwetu Mashewa."

"Na akimpa haki mke," bibi akamgeukia baba, "mie nahamia kwa mdogo wako Handeni mjini."

Bada ikapoa hapo. Nililala nimeshika kanga ya mama, na asubuhi nikakuta furushi lake mlangoni, limefungwa.

Baba akapanda baiskeli mpaka kwa muuza dagaa, Handeni mjini. Alirudi magharibi inakaribia, vumbi mpaka kwenye kope, na kipande cha gazeti mkononi. Hata maji hakunywa. Akasoma akiwa amesimama: "Alisema kwamba chumvi iwekwe mkekani, kila mtu ajitilie mwenyewe."

Mie nilikuwa darasa la pili, nimesimama ubavuni mwake. Karatasi ile ilikuwa na habari za josho, na picha kubwa ya ng'ombe. Nikafungua mdomo. Mguu wa mama ukaukanyaga wangu.

"Mpe na mkeo asome," bibi akasema. "Wewe mwanangu nakujua."

Mama alikuwa amemaliza la saba. Aliitazama karatasi, akamtazama baba na vumbi lake, kisha akasoma taratibu kama yuko mbele ya mwalimu: "Alisema kwamba chumvi iwekwe mkekani, kila mtu ajitilie mwenyewe." Akashusha kidole mstari mmoja. "Na kabla ya kuepua, mke ampelekee mama mkwe aonje."

Bibi akanyoosha mkono, akapewa. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaiangalia sana, akaikunja.

"Mwenyekiti huyo ana akili," akasema. "Mtoto wa nani?"

Mama akaenda kufungua furushi.

Mie nilihangaika. Kwenye chuo cha Kurani tulishaambiwa habari za waongo na moto wao, basi kila nikiswali nawaombea wazazi wangu msamaha. Nilipokua ndipo ustadhi akatufundisha kwamba anayepatanisha watu hahesabiwi mwongo, nikapumua. Bibi nilimwonea huruma tu, mzee wa watu kadanganywa mchana kweupe.

Mpaka mwanangu alipooa, na mkono wangu mwenyewe ukaanza kuniwasha kila nikipita karibu na chungu cha mkewe, ndipo nikamfikiria bibi vizuri. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini ng'ombe, hata wa pichani, alikuwa anamjua.